Jibu Kutoka Tulia

Aminieli binamu, barua imeingia,
Nimeisoma kwa hamu, kicheko kikanijia,
Wasema sina fahamu, ng'ombe namsujudia,
Mimi nakaa Tulia, nawe tulia kitini.

Ni jina la mji hasa, Tulia, huku Teksasi,
Upepo wake hutesa, hubeba vumbi na nyasi,
Ng'ombe ni wengi kabisa, watu hawana ukwasi,
Kanisa, bati jepesi, limesimama mbugani.

Chanzo chake ni sinema, banda la video Moshi,
Tulikaa chini, nyuma, macho yamejaa moshi,
Mwenye kofia, twasema: ni jambazi, si mpishi,
Tukakua kwa uzushi, tukauita yakini.

Nami, sitaki uongo, nilidhani ni mchezo,
Kofia, kamba, maringo, gitaa na vikolezo,
Nikaja nao mpango, niwatumie liwazo,
Picha sikupiga hizo, simu bado mfukoni.

Si marobota ya nyasi, viti vya kukunja, haki,
Kahawa kali, nyeusi, kuikataa ni chuki,
Hamuingii farasi, hata mwenyewe hataki,
Akila, hababaiki, hutungoja kivulini.

Sadaka haina cheti, hatusomewi majina,
Mlangoni kuna buti, lake marehemu Dana,
Ndimo tutiamo noti, jirani asipoona,
Mwenye njaa naye, bwana, hutwaa bila madeni.

Wadhani wote wazungu? Odesa, tu sawa rika,
Rangi yake rangi yangu, babu yake alisaka
Ndama katika ukungu, uzio haujafika,
Na Refujio hufika, na wana sita garini.

Wengine hawana punda, ni mafundi wa umeme,
Muuza tairi, Wanda, muuguzi wa kiume,
Mimi, farasi kupanda, naogopa aniume,
Lori hata lingurume, nalituliza njiani.

Wasema dini nyepesi, ya suruali za jinzi,
Eti twasali upesi, Jumatatu, ja washenzi,
Jumapili si rahisi, ndama wataka ulinzi,
Ng'ombe akizaa, mwenzi, hangoji zamu ya dini.

Umecheka sana hori, tunamobatiza watu,
Ukasema ni hatari, aibu kwa dini yetu,
Hebu fungua habari, Luka mbili, ya saba tu,
Hakupata Mwana kitu, ila hori ya zizini.

Alfajiri, barafu, tuliipiga kwa nyundo,
Akaja Tobi mrefu, mbavu tatu ziko kando,
Fahali, mwenye wasifu, kambwaga kwa kishindo,
Akazama, moyo fundo, akaibuka laini.

Kofia zilivuliwa, vipara vikawa wazi,
Tobi akafunikiwa, shuka za farasi, jozi,
Babaye, aliyekuwa jiwe, likatoa chozi,
Nambie, ewe mjuzi, sinema hapa ni nini?

Siwapaki rangi, hasha, wapo wapigao kamba,
Milo swali hunichosha: "Kwenu mwafugaje simba?"
Namjibu, nikitisha: "Wangu huilinda nyumba!"
Wewe na Milo, ni kwamba, ndugu wawili gizani.

Loni wetu mchungaji, joho lake halijaja,
Mchana ni mlishaji, jasho usoni lavuja,
Lugha yetu, msemaji, hizo kazi jina moja,
Neno lilikwisha kuja, tukacheka la nyumbani.

Umemsahau Ndeshi, bibi yetu, wa Machame?
Samadi, maziwa, moshi, harufu isimhame,
Husali, bila ubishi, dirishani aegeme,
Ili ndani wasiseme: "Yuanuka huyu nani?"

Hapa angeketi mbele, na buti zake za mavi,
Asipigiwe kelele, kwamba vaa hivi, hivi,
Kando ya Tobi, na wale wezi wa jana, walevi,
Sioni dhambi kwa mavi, naiona dharauni.

Naikomesha barua, lori langu languruma,
Ng'ombe wangoja kutua, mle ndani walalama,
Ukitaka kuyajua, njoo kwanza, ndipo sema,
Kiti kimoja, kizima, nakuwekea pembeni.